Uzi wa tatu unaopiga kelele

Wadau wa muziki, leo tuongelee ugonjwa ambao wapiga gitaa wengi wameshakutana nao. Unapiga nyuzi sita moja moja kwa nguvu ile ile, tano zinatoka vizuri, halafu ule wa tatu, yaani G, unawafunika wenzake kama abiria anayebishana na konda. Ukiuliza, utaambiwa pikapu imekufa (siyo ile ya kubebea mchanga, nazungumzia kidude chenye sumaku kilicho chini ya nyuzi), ikasukwe upya. Hela inakwenda, kelele zinabaki.

Kabla ya kufungua mkoba, tupitie historia kidogo.

Pikapu inafanya kazi hivi: sumaku inaupa uzi wa chuma usumaku kidogo, uzi ukitikisika, koili ya waya mwembamba wa shaba inazalisha umeme unaokwenda kwenye amplifaya. Kwenye uzi uliosokotewa waya kwa nje, kinachohesabika zaidi ni kiini cha chuma kilicho ndani. Kiini kikiwa chembamba, sauti inapungua. Tena kwenye gitaa nyingi koili ni moja kwa nyuzi zote sita, kwa hiyo ikiwa mbovu zote zitaumwa. Haiwezi kumuonea mmoja.

Wazee walilijua hili mapema. Gibson walipotoa ES-150 mwaka 1936, gitaa aliyoipa umaarufu Charlie Christian, pikapu yake ilikuwa na kipande kimoja cha chuma kilichopita chini ya nyuzi zote. Wakati ule uzi wa tatu ulikuwa wa kusokotwa, wa pili mtupu, na huo wa pili ndio ulikuwa mkorofi. Baadaye wakakata pengo kwenye kile chuma, chini yake tu. Mwaka 1946 ikaja P-90 yenye skrubu, kila uzi na ya kwake, unapandisha na kushusha utakavyo.

Leo Fender, ambaye mwenyewe hakuwa anapiga gitaa, alichagua njia nyingine. Stratocaster ya mwaka 1954 ilikuwa na sumaku sita za urefu tofauti: ya uzi wa tatu imesimama juu ili kuubeba uzi wenye kiini chembamba, ya uzi wa pili imeshushwa. Kwa nyuzi za siku zile, hesabu ilikuwa sawa kabisa.

Tatizo wapigaji wakabadilika. Vijana wa rock walitaka kuvuta uzi mpaka ulie, na G ya kusokotwa ilikuwa nzito mno. Akina James Burton wakaanza kuchanganya nyuzi za banjo, na mwaka 1962 Ernie Ball akaanza kuuza seti nyepesi za Slinky. G ikawa waya mtupu, chuma kitupu, na imekaa juu ya sumaku ndefu kuliko inavyohitaji. Hapo ndipo kelele zilipozaliwa! Jimi Hendrix naye aligeuza Stratocaster ya mkono wa kulia, kwa hiyo kila uzi wake ulikaa juu ya sumaku ya mwingine.

Katikati ya miaka ya 1970 Fender walisawazisha sumaku zote. Lakini mwaka 1982 wakaanza kutoa nakala za gitaa za zamani, na urefu ule wa 1954 ukarudi, wakati wanunuzi karibu wote wanafunga G ya waya mtupu. Mapenzi ya zamani bwana.

Sasa pima. Kama G inapiga kelele kwenye pikapu zote tatu na sumaku zake zimechomoza, umeshampata mshitakiwa. Shusha pikapu kidogo upande wa nyuzi nyembamba, au jaribu G nyembamba zaidi. Ukiweza kuvumilia uzito wake, funga ya kusokotwa. Kama ni uzi mmoja umefifia ghafla, badilisha uzi kwanza, ni rahisi kuliko pikapu.

Na tafadhali, usikubali mtu aigonge sumaku kwa nyundo ili ishuke. Kwenye pikapu za zamani za Fender waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, na ni mwembamba kama unywele. Sumaku ikisogea unaweza kukatika, na hapo ndipo pikapu nzima inapokufa kweli.