Daftari la Benzi

Kiswahili kina njia fupi ya kuunda kabila. Chukua jina, tanguliza wa-, na watu wamepatikana: Wagogo, Wazaramo, Wanyakyusa. Baada ya uhuru Afrika Mashariki ilipata kabila jipya lisilo na kijiji, jando wala mizimu. Liliitwa Wabenzi. Mbenzi alikuwa yule aliyekalia kiti cha mkoloni, akajifungia mlango wa gari, akapandisha na kioo.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa pia jibu kwa kabila hilo. Kiongozi wa TANU au wa serikali alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kupangisha nyumba. Miiko haikutaja gari lolote kwa jina. Haikuwa na haja, maana mitaani neno lilikwishapatikana, na nyota yenye ncha tatu ndiyo iliyokuwa alama ya ukoo.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nyumbani kwetu Dar es Salaam kuna Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1983. Mimi si Mbenzi. Nikilipa kodi ya chumba na kudurufu makala za semina, kinachobaki hakitoshi kumtisha mtu. Lakini gari linatembea, na kila mgeni anayeliona huuliza swali lile lile: mnaliwezaje? Jibu la haraka ni kwamba lina injini nzuri. Jibu la kweli ni refu zaidi, na sehemu kubwa yake limo kwenye daftari la kaunta ambalo marehemu babu yangu aliliacha ndani ya dashibodi.

Nianze na injini, kwa sababu watu wa Benzi hawasikii lingine mpaka useme habari za injini. Familia ya 240D, ambayo kiwandani huitwa W123, ilizinduliwa mwaka 1976 na utengenezaji wake ukakoma miaka kumi baadaye. Yalitoka magari karibu milioni 2.7. Huo ni wingi mkubwa kwa gari la fahari, na ndio siri ya kwanza ya unafuu wake. Ujerumani yenyewe lilikuwa gari la daktari na la dereva teksi kwa wakati mmoja, na gari linalopendwa na madereva teksi halikosi vipuri. Moroko liligeuka teksi ya safari ndefu, abiria sita ndani, kwa miongo kadhaa. Kaka yake wa toleo la nyuma, 240D ya mwaka 1976, alikuwa mikononi mwa dereva teksi wa Thessaloniki, Gregorios Sachinidis. Mwaka 2004 aliikabidhi kwa makumbusho ya kiwanda ikiwa imetembea kilomita milioni 4.6. Watu husimulia kisa hicho kama sifa ya chuma cha Kijerumani. Husahau kwamba Sachinidis alikuwa na injini za akiba, akizibadilisha kwa zamu, moja ikifanya kazi nyingine ikitengenezwa. Chuma kilikuwa kizuri, lakini ratiba ya mtu ndiyo iliyolifikisha gari kule.

Siri ya pili ni ukosefu wa kompyuta. Dizeli ya 240D ina silinda nne, nguvu ya farasi 72, na haina haraka na mtu yeyote. Pampu yake ya dizeli inaendeshwa kwa cheni na vyuma vitupu. Ikishawaka, haihitaji umeme ili iendelee kunguruma. Hata kuizima ni kazi ya hewa: ukigeuza ufunguo, mvuto wa vakyumu husafiri kwenye kipira chembamba hadi kwenye pampu na kukata mafuta. Vakyumu hiyo hiyo ndiyo inayofunga na kufungua makomeo ya milango. Kwa hiyo kipira kikipasuka ndani ya mlango wa nyuma, injini inaweza kukataa kuzimika. Asiyelijua gari hili atauziwa pampu nzima. Anayelijua atanyanyua boneti, atabonyeza kikono cha kuzimia kilichopo juu ya injini, kisha atang'oa kava la mlango na kutafuta kipira. Tofauti kati ya watu hao wawili ni mshahara wa miezi kadhaa, na yote imo kichwani.

Babu alilijua. Alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Miaka ya 1980 alimwendesha bosi wake katika gari hili hili, nchi ikiwa imebanwa kila upande: bei ya mafuta iliyopanda duniani, gharama za vita vya Kagera, fedha za kigeni zilizokauka. Kulikuwa na kipindi magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na spea nyingi stoo alikuwa na maelezo ya kutoa. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, bila kuulizwa sana walizipataje. Vipuri vikaanza kuonekana tena, kwa bei ya kuonekana tu.

Katika miaka hiyo ufundi wa Kitanzania ulikomaa. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anawaandika mafundi wetu wa mitaani kama wabunifu wa teknolojia kwa haki yao. Si watu wa kuungaunga tu kwa sababu hawana kitu. Nimekisoma kitabu hicho kwa ajili ya tasnifu, na daftari la Babu limenisaidia kukiamini. Starta ilisukwa upya waya kwa waya. Bushi zilichongwa kwenye mashine za Gerezani. Rejeta ilifunguliwa, ikazibuliwa, ikalehemiwa. Ulaya, saa moja ya fundi ni ghali kuliko starta mpya, kwa hiyo hutupa ya zamani. Hapa starta mpya ilikuwa ghali kuliko wiki nzima ya fundi, kwa hiyo ilitengenezwa. Gari lilikuwa lile lile, ila hesabu zilikuwa mbili.

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kuuzwa na kufungwa. La Babu lilifungwa. Wakubwa hawakutaka tena Benzi ya zamani, macho yao yalikuwa kwenye magari marefu ya Kijapani. Kwenye mnada, dereva alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua gari alilokuwa akimfungulia mtu mwingine mlango. Kabila la Wabenzi lilimpokea siku ambayo lenyewe lilikuwa limehama.

Daftari linaanzia hapo. Lina safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, kilomita, kazi, spea, bei. Oili na filta yake kila kilomita elfu tano, bila kukosa, hata miaka ambayo nyumbani kulikuwa na shida niliyoisikia kwa mama. Kupanga tapeti. Filta ya dizeli, kwa sababu dizeli ya vituo fulani ilikuwa na maji. Maji ya rejeta, yasiwe ya bomba. Kuosha uvungu kila baada ya kwenda ufukweni, kwa kuwa adui wa Benzi ya pwani ni chumvi. Injini ya 240D huizika bodi yake, na Babu alilielewa hilo mapema: fedha nyingi zaidi katika kurasa za kati zimekwenda kwa fundi bodi. Bei ya galoni ya oili inapanda ukurasa kwa ukurasa, na mwanafunzi wa uchumi angeweza kuchora historia ya shilingi kwa safu hiyo moja.

Kuna somo lingine humo, ingawa Babu hakuliandika: bei ya gari la fahari hushuka, bei ya vipuri vyake haishuki. Rafiki zangu huona S-Class ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikiuzwa kwa bei ya Toyota ndogo na kudhani wameokota dhahabu. Toleo la W220, lililotoka mwaka 1998, linakaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi. Mfuko ukivuja, gari hulala chini asubuhi kama ng'ombe, na kuliinua hugharimu kama vile bado una cheo cha mwenye gari wa kwanza. Hata W124, mdogo wake 240D anayesifiwa sana, ana kundi la miaka ya mwanzo ya 1990 ambalo ngozi ya nyaya zake za injini humong'onyoka kwa joto. Kwa hiyo anayetaka Benzi ya bei nafuu asiulize kwanza inauzwaje. Aulize ni mafundi wangapi mtaani kwake wanaoweza kuifungua bila kupiga simu.

Mtaani kwetu wamebaki wachache, na hapo ndipo nilipolazimika kulisoma daftari mara ya pili, kwa jicho la kazi yangu. Katika utafiti tunafundishwa kutazama kilichoandikwa na pia kisichokuwa na safu. Spea zote zina bei, hadi senti. Kazi ya mikono haina safu. Hapa na pale, pembezoni mwa ukurasa, kuna maneno mawili tu: chai ya fundi. Miaka zaidi ya ishirini, injini imefunguliwa mara mbili, na gharama ya mtu aliyeifungua ni chai.

Nilimpelekea fundi wetu daftari hilo. Anamaliza muongo wake wa saba, na sasa anapima nafasi ya valvu kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Nilimwamkia, akaniitikia, akafuta mikono, akafungua kurasa taratibu. Nilidhani ataona dhuluma. Alicheka.

"Binti, babu yako hakunilipa fedha, alinilipa gari. Mke wangu alijifungulia hospitali kwa sababu ya Benzi hii, saa tisa usiku. Mama yangu nilimzika kijijini kwa Benzi hii. Ungeandika bei gani hapo?"

Nilirudi nalo nyumbani nikiwa na jibu ambalo makabrasha huwa hayatoi kirahisi. Unafuu wa Babu ulikuwa deni lililozunguka kati ya wazee wawili katika nchi ambayo fedha pekee haikununua kitu. Sisi tumerithi gari, na tumerithi bei ya chai. Lile deni hatukulirithi. Hakuna usiku ambao fundi amepiga simu kwetu kuomba gari, siku hizi huita bodaboda. Vijana wake wawili wamehamia kwenye Toyota, ambako kazi haikosekani na mteja hamtaji babu yake. Wajomba wanasema tuuze sasa, kabla fundi hajastaafu, maana baada yake thamani ya gari itakuwa ya chuma chakavu.

Nimepiga hesabu. Nikimlipa fundi siku zake kwa malipo ambayo gereji yenye lango na risiti hutoza, gharama ya mwaka inapanda karibu maradufu. Bado iko chini ya marejesho ya mkopo wa gari dogo la mitumba, lakini si ile ya kujisifia mbele ya wageni. Nimekubaliana na mama kwamba hiyo ndiyo bei. Sharti letu moja ni kwamba fundi, kila anapolifungua gari, awe na kijana pembeni, na kijana huyo alipwe naye, ajifunze kipira cha vakyumu kinapita wapi.

Mwezi uliopita walipanga tapeti pamoja, yule mzee na binti mmoja aliyetoka chuo cha ufundi. Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa umejaa, nikaanza la pili. Nimepiga rula safu sita.