Tetemeko la Nchi na Hesabu ya Wafu

Kila mara radio inapotangaza tetemeko la nchi, watu huuliza kwanza neno moja: "Wamekufa wangapi?" Asubuhi hutajwa watu kumi na kitu, jioni hesabu imeongezeka mara mbili, na baada ya juma moja imebadilika tena. Mwaka ukipita, vitabu viwili husimulia msiba ule ule kwa hesabu mbili zisizopatana. Hapo wengine husema kwamba watangazaji ni waongo. Sivyo. Kuhesabu wafu wa maafa ni kazi ngumu, nayo ina historia yake. Yafaa tuifahamu.

Pengine mtu wa hapa Luano atasema: "Hayo ni mambo ya Goma na Bukavu. Sisi wa Lubumbashi tuna shaba, hatuna volkano." Ni kweli hatuna volkano. Lakini bonde la Upemba, katika nchi yetu ya Katanga, huhesabiwa na wataalamu pamoja na mabonde ya ufa, mahali ambapo nchi hupasuka polepole. Tarehe 11 Septemba 1992 nchi ilitetemeka karibu na Kabalo, wakafa watu 8. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko lenye nguvu ya 6.8 lilitokea katika Ziwa Tanganyika; nyumba zikaanguka Kalemie na watu wakafa. Wengi wetu tuna jamaa huko. Basi jambo hili si la wageni.

VIPIMO VIWILI

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Ngoma ikipigwa, nguvu ya mpigaji ni moja tu. Lakini aliye karibu huziba masikio, na aliye ng'ambo ya mto husikia kidogo. Ndivyo lilivyo tetemeko. Nguvu yake kule chini ni moja. Mwaka 1935 mtaalamu wa Marekani, Charles Richter, alitunga kipimo cha nguvu hiyo, na vipimo vya siku hizi vimetokana na chake. Ukipanda ngazi moja, kama kutoka 5 hadi 6, nguvu inayotoka ardhini huongezeka mara 32 hivi.

Lakini madhara juu ya nchi hayafanani mahali pote. Aliyeyapanga vizuri ni padre, Giuseppe Mercalli wa Italia, aliyefundisha seminarini Milano na kuchunguza volkano maisha yake yote. Mwaka 1902 alitoa kipimo kisichotaka mashine. Huuliza mambo ambayo kila mtu aweza kuyajibu: Je, waliolala waliamka? Vyombo vilianguka? Kuta zilipasuka? Nyumba zilibomoka? Kipimo hicho, kilichotengenezwa zaidi na wengine baadaye, kina ngazi 12.

Kwa hiyo tetemeko moja lina namba moja ya nguvu, lakini kila kijiji kina namba yake ya madhara. Tena hakuna hata moja kati ya namba hizo inayotuambia wamekufa wangapi. Hiyo ni hesabu ya tatu, nayo haitoki katika mashine.

NGUVU SI VIFO

Mwaka 2010 dunia iliona somo kubwa. Tarehe 12 Januari tetemeko la 7.0 lilivunja Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Askofu Mkuu Joseph Serge Miot alikufa siku ile, pamoja na watu wake. Tarehe 27 Februari tetemeko la 8.8 liliipiga Chile, lenye nguvu mara 500 hivi kupita lile la Haiti. Chile walikufa watu 500 na zaidi kidogo. Haiti, serikali ilitaja zaidi ya 300,000. Watafiti wengine walitaja 100,000 au pungufu. Hata tukishika hesabu ndogo, tofauti inatisha. Chile walikuwa wamezoea matetemeko na wameweka sheria za kujenga nyumba imara. Haiti zege nzito ililala juu ya kuta dhaifu, tena tetemeko lilitokea karibu kabisa na mji wenye watu tele.

Kwetu pia twaona hivyo. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la 7.4 lilitikisa nchi ya Rukwa, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Ni moja la matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika ya Mashariki. Lakini watu walikuwa wachache, nao walikaa katika nyumba za miti na majani; lile tetemeko halikuacha jina la msiba mkuu. Tarehe 3 Februari 2008 lilikuja jingine karibu na Bukavu, la 5.9 tu, dogo kupita lile la Rukwa zaidi ya mara 150. Siku hiyo ilikuwa Jumapili asubuhi. Ng'ambo ya pili ya mpaka, wilaya ya Rusizi katika Rwanda, kanisa lilianguka watu wakiwa ndani wanasali. Kwa jumla walikufa watu 40 na zaidi, wengi wao upande wa Rwanda.

Basi vifo hutegemea mambo mengi: nguvu ya tetemeko, kina chake ardhini, wingi wa watu, namna ya nyumba, na saa yenyewe. Mambo mawili ya kwanza hatuwezi kuyabadili. Nyumba ni kazi ya mikono yetu.

MASWALI KWA MAPAROKO

Sasa tuulize: nani alianza kuhesabu kwa utaratibu? Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon katika Ureno ulipigwa na tetemeko watu wakiwa makanisani. Kisha bahari ikafurika, na moto ukaunguza mji siku kadhaa. Vitabu vingine hutaja wafu 10,000, vingine 60,000.

Waziri wa mfalme, ajulikanaye kwa jina la Marquis wa Pombal, aliagiza maswali yapelekwe katika parokia za nchi nzima. Tetemeko lilidumu muda gani? Nyumba ngapi zilianguka? Walikufa watu wangapi? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza? Maparoko wakaandika majibu, na wataalamu huyasoma hata leo. Wengi husema kwamba elimu ya matetemeko ilianzia katika karatasi zile.

Kwa nini maparoko? Kwa sababu wao walikuwa na vitabu: cha ubatizo, cha ndoa, cha marehemu. Mtu hawezi kusema nani amepungua, kama hakujua kwanza walikuwapo nani. Hilo ndilo neno kuu la habari yetu: hesabu ya wafu huanza na hesabu ya wazima.

NYIRAGONGO MARA TATU

Tutazame sasa mlima Nyiragongo, karibu na Goma, ambao lava yake imeshuka mara tatu watu wakiona.

Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka, na ziwa la moto lililokuwa juu likamwagika kwa muda usiozidi saa moja. Lava ile, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilikuwa nyepesi ikakimbia kupita mtu mbio. Walikufa wangapi? Wengine huandika 70, wengine 600, wengine hata 2,000. Vijiji viliungua pamoja na watu wake, na moto haukuacha maiti ya kuhesabu. Wala hakukuwa na orodha ya waliokaa pale. Ndiyo sababu hesabu zimeachana hivyo, na hakuna awezaye kuzipatanisha leo.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilishuka tena, ikapita katika kiwanja cha ndege na katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliungua. Watu mamia ya maelfu walikimbia, na 120,000 hivi walikosa makao. Wafu walihesabiwa kama 100 au zaidi. Lakini wengi wao hawakuuawa na lava. Siku chache baada ya mlima kulipuka, makumi ya watu walikufa katika kituo cha mafuta kilichowaka, walipokuwa wakichota. Je, hao ni wafu wa volkano? Mtu mmoja atasema ndiyo, mwingine atasema hapana, na kila mmoja atapata hesabu yake.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, lava ilishuka mara ya tatu. Serikali kwanza ilitangaza wafu 15: 9 katika ajali ya gari wakikimbia, 4 waliojaribu kutoroka gerezani, na 2 tu walioungua. Baadaye hesabu ilifika 32, kwa kuwa wengine walikutwa wamekufa kwa hewa mbaya karibu na lava. Nchi iliendelea kutetemeka siku nyingi, na tarehe 27 Mei mitaa mingi ya Goma iliamriwa kuhama. Watu 400,000 hivi wakaondoka. Mamia ya watoto walitengana na wazazi wao njiani. Hao hawamo katika ile 32, lakini nani atasema kwamba hawakupatwa?

Twaona hapa sababu tatu za hesabu kutofautiana: hatukubaliani nani ahesabiwe, maiti nyingine hazionekani, na wengine hawakuandikwa kamwe.

SOKO LA NYAMUKUBI

Msiba wa Kalehe, katika Kivu ya Kusini, unaonyesha jambo hili kwa uchungu zaidi. Haukuwa wa tetemeko bali wa maji, lakini kazi ya kuhesabu ni ile ile. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua kubwa iliporomosha milima juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Maiti zaidi ya 400 ziliokotwa, na wengi walizikwa pamoja. Waliotajwa kwamba hawakuonekana walikuwa maelfu.

Mwenyeji wa kijiji, jirani yake atasema: "Fulani hayupo." Lakini mtu aliyekuja sokoni kutoka mbali, nani pale alijua jina lake? Nyumbani walimngojea, na pale alipokufa hakuna aliyemtafuta. Hivyo mtu huanguka kati ya hesabu mbili.

WALIOBAKI HAI

Tena tusihesabu wafu peke yao. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 lilitikisa Bukoba, Tanzania. Wafu hawakuzidi 20. Mtu wa mbali akisoma hesabu hiyo atasema ni jambo dogo. Lakini nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka, na nyingine maelfu zilipasuka. Shule ya Ihungo, iliyoanzishwa na misioni zamani, ilibomoka hata ikabidi kujengwa upya. Aliyevunjika mguu, mjane anayelala nje, mtoto asiye na darasa: wote ni hesabu ya tetemeko. Na msaada hufuata hesabu. Kijiji kisichoandikwa hakiletewi mahema wala dawa.

Nchi yetu ya Kongo ilihesabu watu wake wote mara ya mwisho mwaka 1984. Walio wengi kati ya wasomaji wa gazeti hili hawakuwa wamezaliwa. Mtaa ukianguka leo, serikali itasema walikaa pale watu wangapi kwa kukisia tu. Hapo kazi inabaki kwa walio karibu: mkubwa wa mtaa, mwalimu wa shule, muuguzi, na sisi tunaoshika vitabu vya parokia.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji mambo matatu, wala hayagharimu fedha nyingi. Kila mtoto azaliwaye aandikwe kwa serikali, asingojee ubatizo wala kuanza shule. Kila jumuiya ndogo iwe na daftari la nyumba zake, pamoja na wapangaji na wageni waliokuja kutafuta kazi, hata kama si wasali wenzetu. Nakala moja iwekwe nyumba nyingine, mbali na ile ya kwanza. Na anayesafiri, awe wa kwenda sokoni au mgodini, awaambie wa nyumbani aendako na atakaporudi.

Wataalamu hawajui siku ya tetemeko. Daftari, sisi twaweza kulianza juma hili.