Vijiti vya Lontulu

Wanafunzi wetu wa Yahuma wanatayarisha picha za kuwaonyesha wazazi ukutani, juu ya miaka ile watu walipopigania mateso ya mpira yakome. Tukashauriana: tuonyeshe nini?

Wote walitaja picha iliyopigwa Baringa mwaka 1904 na Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiprotestanti. Nsala ameketi, akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hizo zilionyeshwa Uingereza kwa taa. E. D. Morel akaongoza chama cha kudai matengenezo. Padre Vermeersch, Mjesuiti, akaandika kitabu mwaka 1906. Mwaka 1908 Kongo ikatoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, ikawa koloni la Ubelgiji.

Lakini tukiishia hapo, watoto watadhani kwamba babu zao walinyamaza wakingoja wageni. Sivyo! Mbele ya tume ya mfalme, chifu Lontulu wa Bolima aliweka mezani vijiti 110, kila kijiti mtu wake mmoja aliyeuawa, akawataja kwa majina.

Basi tumeamua hivi. Chini ya picha yaandikwe majina ya Nsala na Boali. Kisha mwanafunzi aweke vijiti mezani, kimoja kimoja, watu wote wakiwa kimya. Wala tusimalize na 1908, maana kazi za shuruti ziliendelea. Hapo wazee wapewe nafasi waseme waliyosikia kwa baba zao.