Taa Katika Vizimba vya Samoni

Mwaka 1970, ndugu wawili, Ove na Sivert Grøntvedt, walifuga samoni kwenye kizimba cha kuelea kisiwani Hitra, Norwei. Ufugaji ukashika kasi, lakini kero ikajitokeza: samaki wengi walikomaa kabla ya kufikia uzito wa soko. Dume akikomaa, taya la chini hupinda kama ndoana, nyama hupauka, mafuta hupungua na bei hushuka. Hasara tupu.

Dawa ilipatikana kwenye mwanga. Samoni hutambua majira kwa urefu wa mchana. Giza likiingia, tezi ndogo iliyo juu ya ubongo humwaga homoni ya melatonini, inayoujulisha mwili urefu wa usiku. Kwa hiyo wafugaji wakawasha taa vizimbani usiku kucha, tangu majira ya baridi hadi karibu na kiangazi. Samaki wengi wakachelewa kukomaa, wakaendelea kula na kunenepa.

Kwenye matangi ya maji baridi, kabla samaki hawajapelekwa vizimbani, giza nalo lina kazi yake. Vifaranga hupewa wiki kadhaa za mchana mfupi, kisha mwanga wa saa 24, ili miili ijiandae kwa maji ya chumvi. Hapa pupa ya mfugaji humponza samaki: asiyeandaliwa vizuri hudumaa baharini, au hufa.

Siku hizi taa huzamishwa kina kirefu. Samoni huzifuata chini, mbali na chawa wa baharini wanaojazana karibu na uso wa maji.