Pumzi na Bomba: Siwa, Zumari na Injili Pwani ya Kilwa

Katika 1 Wakorintho 14:7–8 Mtume Paulo anauliza: filimbi isipotofautisha sauti zake, nani atajua kinachopigwa? Na baragumu lisipoeleweka, nani atajiweka tayari kwa vita? Chuoni niliyachukua maneno hayo kuwa mfano tu. Niliyaelewa zaidi nilipohamishiwa pwani ya Lindi.

Siku moja Kilwa Kivinje niliketi barazani na mzee mpiga zumari, Mwislamu na jirani mwema. Baada ya kumwamkia nilimwomba nijaribu. Nilipuliza kwa nguvu zangu zote. Zumari ikakoroma tu. Mzee akacheka. "Baba Mchungaji, usiitie nguvu. Ina sauti zake humo ndani. Wewe ziamshe."

Mzee alisema kweli. Hewa iliyomo ndani ya bomba hupenda mitetemo fulani tu, kwa kadiri ya urefu wa bomba lenyewe. Bomba la mita 1 lililo wazi pande zote mbili huitika kwa mitetemo takribani 170 kwa sekunde, kisha 340, kisha 510. Pumzi ikitetema sawa na mojawapo ya hiyo, hewa yote ya ndani huitika na sauti hukua. Hiyo ndiyo resonansi. Isipolingana, mpulizaji huchoka bure.

Watu wa pwani waliyajua hayo kwa mikono na midomo yao tangu zamani. Aprili 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, mmoja wa msafara wake aliandika habari za pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Ndizo siwa. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, inazidi mita 2, nayo imehifadhiwa Lamu pamoja na siwa ya shaba. Siwa haina matundu ya vidole. Mpulizaji hana budi kutumia sauti chache ambazo urefu wa siwa yenyewe umempa.

Lakini siwa ilikuwa pia alama ya enzi. Ililia kwa ajili ya watawala na sherehe za waungwana. Haikuwa ya mtumwa. Na watumwa pwani hii walikuwa wengi. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya kuwasafirisha watu waliotolewa pande za Ziwa Nyasa, mpaka mkataba wa 1873 ulipofunga soko la Unguja. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakati ule ule taifa lao lilipokuwa likijitwalia nchi. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa.

Basi tunapoleta tarumbeta zetu za kanisa huku, tunapigia watu waliokwisha kuitwa na wakubwa wengi, na mara nyingi mwito ule haukuwa kwa faida yao.

Naungama kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza nilihubiri kwa kipaza sauti kikubwa, na watu walipokaa kimya niliandika katika taarifa yangu kwamba ni wagumu wa kuitika. Sikujiuliza kama nimewahi kuketi nao msibani, wala kama najua babu zao walifikaje hapa. Nilikuwa nikipuliza zumari kwa nguvu.

Katika Kiebrania na katika Kiyunani, neno moja hubeba maana ya roho na ya pumzi. Pumzi ya Mungu ni moja, lakini yeye aliyeumba kila bomba anajua urefu wake, wala halipasui ili liimbe. Mtumishi naye hana budi kujifunza urefu huo kwanza, kwa miguu yake, nyumba kwa nyumba. Siku hizi kipaza sauti kinakaa stoo, nami jioni hukaa barazani nikisikiliza.