Sarafu ya Kikosi

Sarafu ya kikosi ni medali ndogo ya shaba au zinki, mviringo, yenye upana wa sentimita nne hivi, iliyochorwa nembo ya kikosi cha jeshi. Dukani hainunui kitu. Askari huiweka mfukoni, na mwenzake akigonga yake mezani, naye hana budi kuitoa papo hapo. Asiyekuwa nayo huwalipia wote vinywaji. Wote wakiwa nayo, gharama humrudia aliyegonga.

Desturi hii ni ya jeshi la Marekani. Husimuliwa kwamba rubani mmoja katika Vita vya Kwanza vya Dunia aliwatoroka Wajerumani bila karatasi zozote, Wafaransa wakataka kumpiga risasi wakidhani ni jasusi, akaokolewa na medali ya kikosi chake. Ni simulizi tamu isiyo na kumbukumbu ya kuithibitisha. Chenye ushahidi ni desturi ya Kundi la 10 la makomando katika miaka ya 1960, iliyosambaa baadaye katika vikosi vingine. Siku hizi kamanda huificha sarafu kiganjani na kumkabidhi askari aliyefanya vyema wakati wa kupeana mikono.

Sarafu hii isichanganywe na nishani. Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia walitunukiwa Nyota ya Burma, yenye ncha sita na utepe. Hiyo ni nishani: hutolewa na dola kwa kanuni zake na huvaliwa kifuani. Sarafu ya kikosi haina utepe wala haivaliwi, na kamanda aweza kuitoa kwa kazi njema ya siku moja. Kwa vijana wa Subukia, nchini Kenya, wanaotamani kuingia Chuo cha Kijeshi pale Lanet, tofauti hiyo ni ya kujua mapema.

Kwa Kiingereza huitwa challenge coin, lakini kuiita “sarafu ya changamoto” kunapotosha, maana Mkenya wa leo akisikia changamoto hufikiria matatizo. “Sarafu ya kudaiwa” inanuka deni, tena inagusa kidonda. Bonde la Subukia lilikuwa sehemu ya ardhi ya walowezi, na baada ya vita vya 1914–1918 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma alichoning'iniza shingoni. Polisi alikidai wakati wowote, na kukikosa kulikuwa kosa la jinai. Kipande kilimfunga mtu kwa mwajiri. Sarafu hutolewa kwa heshima, na adhabu ya kuisahau ni soda au bia. Si haki vitu hivi viwili vishirikiane jina.

“Sarafu ya kikosi” ndiyo istilahi inayofaa, kwa kuwa inataja kile ambacho sarafu inakishuhudia. Wingi wake ni sarafu za vikosi. Anayegonga meza yafaa asemwe anaita sarafu, na anayeitoa yake anaitikia.