Njia ya Mwimbaji wa Kijijini

Watu wengi huisimulia habari ya Saida Karoli kama habari ya bahati. Husema kwamba alikuwa binti wa kijijini, akasikiwa na watu wenye mitambo ya kurekodi, kanda ikatoka, na mara nchi nzima ikawa inamwimba. Masimulizi hayo ni matamu, lakini yana upungufu mkubwa, nao ni kwamba yanaanzia mwishoni. Mimi niliyepitia chuo cha ualimu na kustaafu nikiwa mwalimu mkuu siwezi kukubali kwamba shamba linaweza kutoa mavuno bila mtu kupanda. Kwa hiyo nataka tuirudie njia hiyo tangu mbali, maana inatuhusu sana sisi wa Nyaishozi na Karagwe yote, ingawa Saida mwenyewe ni wa upande wa Bukoba. Wanyambo na Wahaya ni majirani. Lugha zetu zinasikilizana, na ngoma ya harusi ya huku haimshangazi mgeni wa kule.

Tuanze na nanga. Hiki ni chombo cha mti uliochongwa ukawa na uwazi kama sinia refu, na juu yake hupitishwa uzi wa kwenda na kurudi hadi zipatikane nyuzi saba au nane. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika. Speke aliendelea na safari ya Buganda mwanzoni mwa 1862, lakini Grant alibaki nyuma miezi kadhaa kwa sababu ya mguu mgonjwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1864, Grant aliandika kwamba katika safari ile alimsikia bibi kizee akipiga nanga ya nyuzi saba. Nyuzi sita, alisema, zilifuata barabara ngazi ya sauti aliyoijua yeye. Moja tu ndiyo iliyokosea. Huenda kwa masikio ya bibi yule hata huo wa saba haukuwa na kosa lolote. Lililo muhimu kwetu ni kwamba, zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, mgeni aliukuta muziki uliokamilika, mikononi mwa mtu ambaye hakupita shule.

Kwa nanga ziliimbwa tenzi ndefu za mashujaa, kama vile Kachwenyanja na Rukiza. Profesa M. M. Mulokozi, mwenyeji wa Kagera, alizifanyia utafiti tenzi hizo na kuziandikia tasnifu mwaka 1986. Manju wa nanga alijifunza kwa kukaa karibu na manju mwingine, akatazama vidole na kushika maneno, hadi siku moja akaachiwa chombo. Alilishwa na kuheshimiwa na watawala pamoja na wenye sherehe. Machifu walipoondolewa mwaka 1963, mlango mmojawapo wa riziki yake ulifungwa. Walibaki wenye harusi, wenye misiba na wenye mtungi wa rubisi.

Serikali ya uhuru nayo haikukaa kimya. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na vijana, akieleza kwamba mkoloni alikuwa ametufanya tuone haya kwa mambo yetu wenyewe. Njia mpya ikafunguka, ya msanii wa kijijini kuchukuliwa na taifa. Mfano wake mkubwa ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliyetoka kijijini akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na aliyepiga zeze na marimba yake mbele ya watu wa nchi nyingi hadi alipofariki mwaka 2003. Hata hivyo, Bagamoyo haikumfundisha Zawose kupiga. Alikuja anajua, amekwisha kurithi kwa baba yake.

Sasa tufike kwa Saida. Alizaliwa mwaka 1976. Mama yake alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma, na kwake ndiko alikojifunza angali mtoto mdogo. Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Mtoto anayekua mgongoni na baadaye ubavuni mwa mama mpiga ngoma hafundishwi somo moja. Hujifunza wakati wa kuanza na wakati wa kunyamaza. Hujifunza kiongozi anavyotoa wimbo na waitikiaji wanavyoupokea, na jinsi ya kuingiza jina la bwana harusi bila kuvunja mapigo. Chuoni sisi tulifundishwa nyimbo kwa do, re, mi ubaoni, na tulifaidika. Lakini sikumbuki somo lililotufundisha kuitazama hadhira ya harusi na kujua kwamba sasa imechoka.

Wakati Saida anakua, redio iliyosikika katika nyumba nyingi za Tanzania Bara ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Ilitangaza kwa Kiswahili, na kwa jambo hilo ilitujenga kuwa taifa. Kuanzia 1994, Radio One ilipoanza, vituo vya watu binafsi vikaongezeka, na kanda za kaseti zikawa zinauzwa kila penye stendi ya mabasi. Mwaka 2001 ikatoka albamu ya Saida iitwayo Maria Salome. Aliimba Kihaya, sauti ya juu yenye ukali mtamu, na ngoma nyuma yake. Huku kwetu wimbo ule ulitoka katika maduka, katika magari ya abiria na katika harusi zenyewe. Wazee walicheka kwa furaha, kwa maana walikuwa wakiyasikia mambo yao katika mashine. Lililowashangaza wengi ni kwamba watu wa Dar es Salaam na Mtwara, wasiojua Kihaya, waliucheza vilevile, wakishika yale maneno machache ya Kiswahili yaliyomo, yanayotaja karanga. Ukavuka hadi Uganda na Rwanda, ambako lugha nyingi ni ndugu wa lugha zetu.

Vijana wangu wa shule, ambao walikuwa wameanza kuona haya kuzungumza Kinyambo mbele ya wageni, walishika maneno ya Kihaya kutoka kwenye kanda ile na kuyaimba hadharani. Wizara ilikuwa imelitafuta jambo hilo tangu 1962. Likaletwa na binti mmoja kwa kanda moja.

Mashine, hata hivyo, hutoa kwa mkono huu na kuchukua kwa mkono ule. Kijijini mwimbaji anamwona anayemtunza. Kwenye kanda hamwoni. Wimbo ukishaondoka nyumbani, huenda usirudi na jina la mwenyewe. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999, miaka miwili tu kabla ya Maria Salome, lakini sheria huhitaji watu wenye desturi ya kuuliza wimbo ni wa nani. Mwaka 2016 Diamond Platnumz, pamoja na Rayvanny, alitoa wimbo Salome uliojengwa juu ya ule wa Saida. Watoto waliozaliwa baada ya 2001 wakaucheza kana kwamba ndiyo kwanza umetungwa. Saida akasikika upya, na mwaka 2017 akatoa wimbo wake Orugambo. Mimi nililipima jambo hilo kwa swali moja. Nilipowauliza wajukuu wimbo ule ulitoka wapi, walijibu: kwenye simu.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi. Tukiamini kwamba wimbo hutoka kwenye simu, hatutaona sababu ya mama kumwimbia mtoto wala ya mzee kumwachia kijana nanga yake. Na mama asipoimba, siku nyingine mwenye studio atakuja Kagera na mitambo mizuri kuliko ile ya 2001, azunguke kutoka Bukoba hadi Nyaishozi na Kyerwa, asimkute wa kumrekodi. Mitambo inaweza kupeleka sauti mbali. Kuipanda sauti hiyo ndani ya mtoto ni kazi ya watu wa nyumbani.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mimi naongeza neno la kikazi kwa walimu wenzangu mlioko madarasani. Alikeni mara moja kwa muhula mama mmoja anayeongoza nyimbo za harusi hapo kijijini. Mpeni kiti mbele ya darasa, na ngoma. Wanafunzi wamrekodi kwa hizo hizo simu, kisha waandike daftarini mambo matatu: jina lake, aliyemfundisha wimbo, na aliyemfundisha huyo. Jina la tatu likipatikana, mtoto atakuwa amekwisha kujua wimbo hutoka wapi.